Salama ya Kiwanja cha Tatu

Saumu alinipigia simu Jumanne, baada ya alasiri, nikiwa nimesimama ndani ya shimo nililochimba nyuma ya nyumba ya watu kusini-magharibi mwa Houston. Nilikuwa napima udongo uliokuwa ukiipasua nyumba hiyo kuta. Akaniuliza hali, nikamwambia sijambo. Nikamwuliza habari za Euless, mji wao ulio karibu na Dallas, akasema njema. Maryam je? Mzima, anakusalimu. Baridi? Imepungua, alhamdulillahi. Na goti lako, wifi? Linaendelea vizuri. Tulipoyamaliza yote hayo, simu sikioni na koleo mkono wa pili, akasema, "Lakini kaka yako hatunaye tena. Ametutoka leo asubuhi, na wameshamzika."

Asiyelelewa kwetu atamwona Saumu ana roho ya jiwe. Hana. Ndivyo tulivyofundishwa: mtu humtupii jambo baya mlangoni kabla hajakaa. Unampa salama kwanza, hata kama nyumba inaungua nyuma yako, ili apate pa kushika, kisha ndipo unaleta lakini yako. Nimeishi nchi hii zaidi ya miaka ishirini, nimejifunza kujibu barua pepe kwa mistari miwili na kumkata mtu kauli mkutanoni, na bado hilo halijanitoka. Faki, mumewe Saumu, hakuwa kaka yangu wa tumbo moja. Alikuwa mtu wa Pemba, na nilifanya naye kazi mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Katika mwaka huo adabu hii tunayojivunia ilimvunja mtu mgongo, na mtu mwingine ikamla kazi yake. Nilitoka shimoni, nikanawa kwa mpira wa bustani wa mwenye nyumba, nikashika njia ya Dallas. Siku hizi nachoka upesi, na saa nne za barabara zinaniua kiuno. Ningekwenda hata kwa kutambaa.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, na sasa haipo. Ofisi yake ilikuwa Richardson, kaskazini mwa Dallas, ghorofa ya pili, juu ya daktari wa meno. Ndege yake ilirushwa mbali na huko, upande wa pwani, kwenye mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe ukishaiacha Houston. Ilikuwa ndege ya roketi ya majaribio, nyeupe, nyembamba, yenye nafasi ya mtu mmoja. Ndege kubwa iliibeba chini ya tumbo mpaka juu sana, ikaiachia, roketi ikawashwa, na moto wake haukumaliza hata dakika mbili. Moto ukizima umezima. Rubani anabaki na mabawa na uzito wake tu, anashuka kama kishada kilichokatika uzi, na hawezi kusema aongeze mafuta azunguke tena. Kwa hiyo kabla hajaachiwa lazima ajue atatua wapi mambo yakienda kombo. Viwanja vya dharura vilikuwa vitatu. Cha Kwanza kilikuwa cha lami. Cha Pili kilikuwa njia ya zamani ya ndege za kunyunyizia dawa mashamba. Cha Tatu kilikuwa ardhi tupu ya malisho, iliyosawazishwa na kuchorwa mistari ya chokaa, na mlinzi wake nilikuwa mimi.

Nilipewa Cha Tatu kwa sababu nilikuwa mgeni, na kwa sababu hakuna aliyedhani kitatumika. Kazi yenyewe ungeweza kumfundisha mtu kwa asubuhi moja. Nilikuwa na pikapu, redio, kopo la moshi la kumwonyesha rubani upepo unavumia wapi, rula, na tufe la chuma la ukubwa wa chungwa. Kila siku ya kuruka nilikitembea kiwanja chote, toka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini, na kila baada ya hatua mia nililiinua lile tufe hadi begani, nikaliachia. Kisha nachuchumaa, napima upana wa kishimo kilichobaki. Kishimo chembamba, ardhi ngumu, magurudumu yatabeba. Kishimo kipana, hapana. Udongo wa kule ni mfinyanzi mweusi, na ni mnafiki: jua likiupiga unakauka juu ukawa kama mkate wa jana, huku chini yake umebaki uji. Ng'ombe walikuwa wakisimama nyuma ya seng'enge kunitazama. Sijui walinionaje, mtoto wa watu kutoka Mombasa anaangusha mpira wa chuma na kuusujudia kila baada ya hatua mia.

Faki alikaa kwenye trela huko uwanja wa kuondokea, yeye na sahani yake ya antena. Kazi yake ilikuwa kuifuata ndege kwa sahani hiyo tangu inapoachiwa hadi inapogusa chini, ili wakubwa wajue iko wapi na inakwenda kasi gani. Mashine iliifuata yenyewe, lakini mara kwa mara iliipoteza, na hapo Faki aliishika kwa mkono, akaitafuta mbinguni polepole kama mtu anayetafuta stesheni ya redio ya zamani, akaipata. Sikuwahi kumwona akihangaika. Na kwa kuwa redio zote zilikutana kwake, ni yeye aliyetuuliza sisi wa viwanjani hali, kisha akaipeleka kwa mkuu wetu, mzee mmoja wa Texas aliyeitwa Dale. Kanuni ya Dale ilibandikwa kila mahali mpaka chooni: rangi kwanza, kijani au nyekundu, maelezo baadaye, kisha ngoja urudishiwe maneno yako. Wenzangu wa viwanja vingine waliifuata. Mimi na Faki tulikuwa na yetu.

"Kiwanja cha Tatu, hujambo bi mdogo?"

"Sijambo, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Salama."

"Haya, lete habari."

Hapo ndipo nilipoleta habari zenyewe, udongo ukoje, upepo ukoje, ng'ombe gani kavunja seng'enge, na Faki akaligeuza lote hilo kuwa neno moja la Kiingereza kwa Dale. Dale alikuwa akituuliza kama tunapima uwanja au tunaozesha. Alituachia, kwa kuwa kila mara jibu lilitoka sahihi. Miezi mingi lilitoka sahihi.

Msimu wa kuruka ulipoanza tulipanga nyumba Houston, Faki na mkewe Saumu na binti yao Maryam wa miaka mitatu chumba kimoja, mimi kingine, na ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba hata ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Saumu alipika huku akigombana na nchi nzima. Muhogo aliununua kwa Wavietnamu ukiwa umegandishwa mawe, akauchemsha kwa tui la kopo, na kila akifungua kopo lazima alitukane. "Tui hili? Haya si maji ya kuoshea nazi?" Faki alikuwa akimwambia, "Wewe tia tu, mke wangu, hasira zako zitalikoleza." Tulikula chini, juu ya mkeka uliotandikwa kwenye zulia la mwenye nyumba, samaki wa kukaanga katikati, na Maryam akizunguka na limau. Alikuwa ameniona nikisafisha tufe langu uani. Basi analiinua limau mpaka begani, analiachia, anachuchumaa, anapima zulia kwa kidole, kisha anapiga ukelele, "Salama!" Tulicheka mpaka tukapaliwa. Nyumba ile haikuwa yangu wala yao, lakini sijapata tena kula na watu hivyo, na nimekula kwenye meza nzuri nyingi tangu hapo.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mvua ya siku mbili. Jua lilikuwa limerudi na upepo ulikuwa wa kusini, maana yake rubani akija atashukia kaskazini na kumalizia mbio zake kusini. Nilianza kaskazini, tufe likaacha vishimo vyembamba. Katikati, vyembamba. Ncha ya kusini tufe likazama hata halikuonekana. Nikalichimbua kwa vidole, nikaliachia tena hatua tano pembeni, likazama tena. Mara ya tatu sikupima, niliona mwenyewe. Nikarudi mbio kwenye pikapu na matope yamenifika kwenye kifundo, na redio ilikuwa tayari inaniita. Ndege kubwa ilikuwa juu na mzigo wake tumboni. Sauti ya Faki ilikuwa ya haraka kuliko siku zote, ila alinisalimu vilevile. Nikamwamkia, akaitikia.

"Habari za huko?"

"Salama, kaka," nikasema, nikaachia kitufe.

Nilikiachia kwa sababu ndivyo salamu ilivyo. Mtu unampa salama, unampisha apokee, kisha anakupa njia. Nilingoja lile "haya, lete habari" lake. Halikuja. Dale alikuwa amesimama mgongoni pake akimhimiza, na Faki alipopata salama yangu aligeukia kipaza sauti cha pili, akasema Cha Tatu ni kijani. Mimi wakati ule hilo sikulijua. Nilipoona kimya nikabonyeza, nikasema, "Lakini ncha ya kusini haifai kabisa, kaka, tufe linazama." Kimya tena. Na sasa naomba nieleweke, kwa sababu hapa ndipo nimeishi miaka yote hii. Ningeweza kurudia. Kanuni ilisema ningoje nirudishiwe maneno yangu, na kama hayarudi, nirudie mpaka yarudi. Sikurudia. Nilijiambia kaka amesikia, ana shughuli, nisimsumbue mtu mzima kwa kumwuliza amesikia au hakusikia. Niliona aibu. Nikaweka redio kitini, nikanywa maji.

Roketi ilizima kabla ya wakati wake. Mashine ya kuifuata iliipoteza ndege, Faki akaitafuta kwa mkono, akaipata, akamwambia rubani uelekeo wa uwanja ulio karibu naye. Uwanja huo ulikuwa wangu. Niliwasha kopo la moshi kama nilivyofundishwa. Ndege ile haikuwa na sauti. Ilitokea juu ya ng'ombe, nyeupe, ikashuka kaskazini vizuri kuliko nilivyopata kuona, vumbi dogo likaruka nyuma yake, na mimi nikaanza kukimbia kuelekea kusini nikipunga mikono, kama kwamba kitu chenye kasi ile kinaweza kusimama kwa kupungiwa. Gurudumu la mbele likazama. Pua ikakita, mkia ukainuka, ukaanguka. Rubani wetu, Curtis, mtu mpole aliyekuwa akiniletea kahawa asubuhi, nilimkuta hai, amebanwa kiunoni, uso mweupe kama chokaa ya mistari yangu. Aliniambia kwa utaratibu, bila ugomvi, "Waliniambia kijani." Mgongo wake ulivunjika mahali pawili. Alikuja kutembea tena, kwa fimbo, lakini hakuruka tena.

Wiki iliyofuata tulikaa Richardson, chumba cha mikutano, baridi ya kiyoyozi ikitutoboa mifupa na sahani ya maandazi ya dukani katikati ya meza ambayo hakuna aliyeigusa. Redio yetu ya viwanjani haikuwa ikirekodiwa. Dale alitutazama mmoja mmoja kisha akauliza Kiwanja cha Tatu kiliripoti nini. Nilivuta pumzi. Kabla sijaitoa, Faki akasema, "Aliniambia kusini hakufai. Sikupeleka. Nilisahau." Alisema bila kunitazama, mikono juu ya meza, kama mtu anayesoma maandishi. Dale akanigeukia akaniuliza kama ni hivyo. Nilisema ndiyo. Neno moja tu. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwamba lilikuwa kweli, maana ncha ya kusini niliitaja, hata kama niliitajia hewa. Lakini nitasema nilivyohisi: nilipata nafuu. Moyo ulinishuka mahali pake, nikahisi njaa, nikayatazama yale maandazi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi ya yote.

Siku ile ile walimfukuza kazi. Tulirudi Houston kufunga vyombo, na kupitia ule ukuta nilimsikia Saumu akilia, akimwuliza amewezaje, mtu mwangalifu kama yeye. Nikamsikia Faki akijibu kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, "Nilisahau, Saumu. Nilisahau tu, basi." Nikajua hata mkewe kamficha. Nilijifunika shuka kichwani na jua lilikuwa bado halijazama. Kampuni haikufika mwisho wa mwaka. Mimi kufikia hapo nilikuwa nimeshapata chuo, na baada ya chuo kazi, na kazi imenilea mpaka leo. Faki alirudi Euless akaendesha basi dogo la kuchukua abiria kutoka maegesho kwenda uwanja wa ndege na kurudi, mwendo wa dakika saba, miaka zaidi ya ishirini. Ndege zilipita juu ya nyumba yake zikitikisa vikombe kabatini. Mtu aliyekuwa akiishika ndege mbinguni kwa mkono wake, sasa anabeba masanduku ya watu.

Sikuwatupa, hilo najisifu nalo, na nikilifikiria vizuri si la kujisifia. Kila Idd nilipanda kwenda Euless na mfuko wa zawadi kwa Maryam, Faki akanifungulia mlango, akasema yale yale. "Hujambo bi mdogo? Habari za huko?" Nami nikasema, "Salama, kaka." Kisha ananyamaza. Hakusema tena lete habari. Ananitazama kidogo, uso hauna lawama, halafu anasema "Haya," anageuka kumimina chai. Nilidhani uzee umemfanya mzito wa maneno. Mwaka baada ya mwaka nilikanyaga ule ukimya wake nikapita kwenda kukaa.

Niliwasili Euless baada ya isha. Ukumbini wanawake walikuwa wamekaa mikekani na juzuu zao, na Maryam alinipokea mlangoni. Amekuwa mtu mzima, mrefu kama baba yake, anafanya kazi ofisini Richardson, mitaa miwili tu kutoka chumba kile cha mikutano, wala hajui. Alinikumbatia sana.

"Auntie, wewe si ulifanya kazi na Dad?" akaninong'oneza. "Watu wamekaa hapo wanasema vitu kuhusu ile ndege. Kwamba alisahau, mtu aka-get hurt. Mimi nikimwuliza alikuwa anasema tu, kazi ina makosa. But he never forgot anything. Hata birthday ya mailman. Is it true, shangazi?"

"Tutazungumza, mwanangu," nikasema, "ngoja nimwone mama," nikakimbilia chumbani kwa Saumu kama nilivyokimbia kila kitu.

Saumu alikuwa kitandani amevaa nguo nyeupe za eda, amekuwa mdogo. Nikampa pole, nikamwamkia, akaniitikia, nikakaa miguuni pake. Akaniuliza habari za njiani.

"Salama," nikasema.

Akanyamaza. Akanitazama vile vile alivyokuwa akinitazama mumewe, muda ule ule.

"Wifi," akasema mwishowe, taratibu, "ule ukuta wa Houston ulikuwa mwembamba. Faki alijua upo upande wa pili. Alisema kwa sauti ili usikie. Kisha akaniinamia sikioni akanambia yote, salama yako, na alivyopeleka kijani kabla hujamaliza, na kwamba la kusini hakulisikia. Alisema yeye ana karatasi zake za kukaa nchi hii, na zako wewe zimefungwa na kazi ile, wakikutoa kazini wanakurudisha kwenu. Nikamwambia basi akutake angalau useme kweli humu ndani kwetu. Akanambia mwache, ataisema mwenyewe, tusimharakishe." Alijifuta macho kwa pindo la nguo. "Alikungoja, wifi. Kila Idd ukimwambia salama, alikuwa anangoja umalize."

Nililia kwa sauti mbaya, ya mtu mzima asiyezoea, na Saumu alinishika mguu wa suruali yangu uliokuwa bado na udongo wa Houston, akausugua kwa kidole gumba, udongo ukadondoka shukani. Hakunibembeleza wala hakunigombeza. Alionekana amechoka, kama nilivyochoka mimi.

Mlango ukasukumwa, Maryam akaingia na sinia la chai. Akaniona uso, akaliweka sinia chini haraka.

"Uko sawa, shangazi?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limejipanga lenyewe kama siku zote.

"Hapana," nikasema. "Kaa hapa, Maryam. Baba yako hakusahau."